Ngozi ya Ndani ya Dada

3 Machi, Jumatatu

Mvua imeanza leo, na Dada kaingia nayo. Kashuka kwenye basi na begi moja na ndoo, maana Dada hajui kusafiri bila ndoo. Hata hajaketi, ameshakagua jiko langu na kuniambia sufuria zangu zinatia aibu. Nyumba hii haijapata mtu wa kunigombeza tangu nimwache yule bwana, kwa hiyo nilicheka. Kisha nikamwona amesimama dirishani, mkono mmoja kiunoni, mwingine tumboni, na kicheko kikanikauka.

Mama alikuwa akisimama vile vile. Mwaka wake wa mwisho alisimama hivyo kila jioni, akitutazama bila kutuona.

"Unanikodolea macho ya nini, Kidole?" Ananiita Kidole mpaka leo, kwa sababu nilinyonya kidole hadi naanza shule, na yeye ndiye aliyekipaka pilipili.

"Umekonda."

"Barabara mbovu ile, imenitikisa nyama zote. Nipe chai."

Ndipo akasema, huku anakoroga sukari, kama mtu anayeeleza habari za jirani: anatoka damu akienda chooni. Tangu mwezi uliopita. Ndiyo maana kaja, hakuja kunisalimia.

Naogopa. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo.

6 Machi, Alhamisi

Daktari wa tumbo kampitishia Dada kamera, akachukua vipande vidogo vya ukuta wa utumbo mpana, kila kimoja kama punje ya mchele. Dada anasema aibu aliyoipata leo inamtosha mpaka kiama.

Vipande vimeshuka kwetu. Chumba chetu cha maabara kiko chini ya jengo, dirisha liko sawa na ardhi, tunachokiona nje ni miguu ya watu na matope. Kipande kikifika tunakitia kwenye nta iliyoyeyuka mpaka kigande, kiwe kitofali. Kitofali kinafungwa kwenye mashine, kisu kinapita, na nta inatoka utepe mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Utepe unaulaza kwenye beseni la maji ya vuguvugu ujinyooshe, halafu unauokota kwa kipande chembamba cha kioo. Kioo kinapakwa rangi na kupelekwa ghorofani kwa Daktari wetu wa maabara, kwenye darubini yake. Kabla hujaleta kitofali cha mgonjwa mwingine, unaburuta karatasi laini juu ya maji kuzoa mabaki. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha.

Na tuna desturi ambayo hatukufundishwa na mtu. Kipande cha ndugu yako hukikati. Kikifika, mwenzako anakisogeza upande wake wa meza bila kusema neno, na wewe unajitia hukuona. Mwenzangu tunamwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza. Leo alinyamaza. Alikisogeza kitofali cha Dada kwa kidole kimoja, nami nikatazama miguu ya watu dirishani.

7 Machi, Ijumaa

Nimekikata mimi.

Kimya alitoka kwenda kunywa chai. Nilikuwa nimemaliza kitofali cha mgonjwa mmoja, mashine bado ina joto la mkono wangu, na macho yakawa yanarudi upande wa pili wa meza. Kimya ni fundi, simtii doa. Lakini Kimya anakata huku anasimulia mpira. Nikasema moyoni, huyu ni mtu aliyenibeba mgongoni mama yangu alipokuwa hajiwezi, leo apitishiwe kisu na mtu anayehesabu penalti? Nikakichukua.

Nilifanya haraka, masikio yangu yako mlangoni. Utepe ulitoka mzuri, haukukunjika. Ulipokaa juu ya maji niliinama nikamtazama Dada. Sijui nilitegemea kuona nini. Vidoa vyeupe tu, vinavyopitisha mwanga. Nikauokota, nikarudisha kitofali mahali pake, na Kimya aliporudi aliona kioo kimesimama tayari. Alinitazama. Akaanza kusimulia mpira.

9 Machi, Jumapili

Mvua kutwa. Dada alitaka kujua ni nini hasa ninachokifanya huko chini, maana miaka yote amekuwa akiwaambia watu kwamba mdogo wake ni nesi.

Nikamweleza kama Daktari alivyonieleza mimi nilipoanza kazi. Ukuta wa ndani wa utumbo umejaa vishimo vidogo, vimejipanga kama matundu ya sega la nyuki. Chini kabisa ya kila kishimo kuna seli mama. Hizo zinazaa. Watoto wanaanza kupanda ukuta wa kishimo, wanasukumwa na wanaozaliwa nyuma yao, na wakiwa njiani wanajifunza kazi: huyu wa kutoa ute, huyu wa kufyonza maji. Wakifika juu wanafanya kazi kidogo, wanazeeka, wanabanduka na kuondoka na uchafu. Wiki haiishi, ukuta mzima umekwisha kuwa mpya.

"Mzima?"

"Mzima."

"Kwa hiyo utumbo uliokula maharage yako mabichi ya Jumatatu umeshajiendea zake."

"Umeshaondoka."

"Afadhali yake." Akafikiri. "Na hao mama, wao hawapandi?"

"Wanabaki chini. Kazi yao kuzaa wengine wapande."

"Basi huyo ni mimi," kasema Dada, akaendelea kuchambua mchele.

Hakusema kwa uchungu. Lakini ni kweli, na niliona haya. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule. Sisi tulipanda, mmoja mmoja, tukaondoka, yeye akabaki kwenye nyumba ile na ndoo yake. Sikumwambia kilichobaki: kwamba ugonjwa wenyewe ni seli zilizosahau kuanguka. Zinafika juu, haziondoki, zinajazana.

12 Machi, Jumatano

Ni saratani.

Daktari aliniita juu, akafunga mlango. Daktari wetu ni mwanamke wa maneno machache, hapendi kuzungusha. Alisema: "Vipande vingine vyote vimevimba tu, lakini pembeni kuna kimoja ambacho si kizuri. Pole sana." Nikamwuliza kama ana hakika. Akanisogezea darubini nitazame, akasema seli zenyewe zina hakika. Nilishuka ngazi nikakaa kwenye kiti changu na sikumbuki nilifanya nini mpaka jioni.

Upasuaji ni tarehe mosi mwezi ujao. Watakata sehemu kubwa ya utumbo, na pengine atabaki na mfuko tumboni, choo kipitie hapo, maisha yake yote.

Dada kasikiliza yote kwa daktari wa tumbo akiwa ameketi wima, mkoba magotini. Akauliza swali moja tu, kama akiwa na mfuko huo ataweza kuinama na kufua.

14 Machi, Ijumaa

Mvua. Sina la kuandika.

17 Machi, Jumatatu

Nimerudi kutoka kazini, nimemkuta Mama jikoni.

Naandika kama nilivyoona. Mgongo wake, gauni lake la bluu lililopauka mabegani, kisigino chake cha kushoto nje ya kiatu. Alikuwa anamwaga maji ya mchele. Nilishika mlango. Akageuka, akawa Dada.

"Ulilitoa wapi gauni hilo?"

"Si la Mama? Nimekaa nalo miaka yote. Sasa nimekonda, limenienea."

Nikamwambia alivue. Nilimpigia kelele dada yangu, mgonjwa, kwa ajili ya nguo. Alilivua bila kubisha, akalikunja, akasema, "Mimi sijafa, Kidole. Ukianza kunilia sasa, siku yenyewe utakuwa huna machozi."

Baadaye, nikiandaa chai, nilikuta nimeweka vikombe vitatu.

18 Machi, Jumanne

Bomba la maji la mtaa limepasuka. Tumechota kwa ndoo ya Dada, na hakuacha kunikumbusha ndoo ni ya nani.

20 Machi, Alhamisi

Sasa ninaposimama foleni dukani naona vishimo. Mbele yangu mtu ananunua betri, na ndani yake kuta zinabomoka na kujengwa, zinabomoka na kujengwa, yeye anaomba chenji. Hakuna anayejua. Wote tunatembea na mahali ambapo hapakai mtu yule yule wiki mbili. Nimejitazama kwenye kioo cha duka nikajiuliza ni nani huyo aliyelelewa na Dada, maana ngozi ya ndani iliyokula uji wake haipo tena, imekwenda zamani.

Dada ameanza kugawa nguo. Viatu vya mvua ni vya shangazi. Shuka mbili zangu. Gauni la bluu hakulitaja, nami sikuuliza. Anagawa huku akipiga soga, na mimi napokea huku nimeuma meno.

Sitaki shuka. Nataka abaki. Nimeshaondokewa na Mama mara moja, na sasa kila jioni naletewa tena, mlango ule ule, mkono tumboni.

21 Machi, Ijumaa

Leo kumetokea jambo, nami nitaliandika kwa mpangilio.

Asubuhi Daktari alishuka mwenyewe chumbani kwetu. Huwa hashuki. Alikuwa na kioo cha Dada mkononi. Alisema jana alikuwa akipitia vioo vya wagonjwa wote wanaokwenda kupasuliwa, kama anavyofanya kila mara kabla hajamkabidhi mtu kwa kisu. Na kipande kile kibaya cha pembeni hakikumpendeza.

"Nikivitazama vipande vingine vizuri, kile kinakuwa na ukungu," alisema. "Nikizungusha darubini kile kikae sawa, vingine ndivyo vinapata ukungu. Kimekaa juu ya wenzake. Hakikukatwa nao." Akatutazama mmoja mmoja. "Kimeelea. Kilikuwa kwenye maji. Nani alikata kitofali hiki?"

"Mimi," kasema Kimya.

Neno moja tu, na hakuongeza jingine. Mtu ambaye ukimwuliza saa anakupa historia ya saa. Alikuwa anatazama kisu chake.

Hapo nikaona kila kitu. Niliona mkono wangu ukikiacha kitofali cha yule mgonjwa wa kabla, ukikiendea cha Dada. Nikaitafuta karatasi. Niliitafuta kwenye kumbukumbu yangu kwa nguvu zote na haikuwepo. Sikuburuta karatasi juu ya maji. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuiruka, na siku ile niliiruka, kwa sababu masikio yangu yalikuwa mlangoni.

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitamani niwe mkosaji kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote. Kama nimekosea, Dada ni mzima.

"Nilikata mimi," nikasema. "Kimya alikuwa kwenye chai. Na sikusafisha maji."

Daktari hakupandisha sauti. Alisema tu, "Cha dada yako." Kisha: "Ondoka kwenye hiyo mashine. Hutaigusa mpaka nikuambie. Kimya, vikate vitofali vyote viwili, cha dada yake na kilichotangulia siku ile. Kata mpaka ndani kabisa."

Nilimwomba Kimya samahani. Akasema, "Kaa hapo, usinisemeshe, nakata." Na alikata bila mpira, bila chochote.

Sijamwambia Dada. Kumpa mtu tumaini halafu kumnyang'anya ni ukatili, na mimi bado sijui.

22 Machi, Jumamosi

Hakuna majibu mpaka Jumatatu. Dada ameuliza mbona nafua nguo zilizokwisha kufuliwa.

24 Machi, Jumatatu

Dada hana saratani.

Daktari alinikalisha kwenye darubini nione mwenyewe. Kimya amekishusha kitofali cha Dada mpaka nta inakaribia kwisha, na hakuna kitu. Kuta zimevimba, kuna vidonda vinavyoanza kupona, ndivyo vinavyotoa damu, vina dawa yake ya vidonge. Vishimo viko kwenye mstari. Chini kabisa ya kimoja niliona seli inagawanyika, imekamatwa pale pale katikati ya kuzaa, siku ile kamera ilipoingia. Nililia juu ya darubini ya watu.

Daktari aliniacha nilie. Halafu akasogeza kioo kingine.

"Sasa mwenyewe ni huyu," alisema.

Ni fundi seremala, ana karakana nyuma ya stendi ya mabasi. Kioo chake cha kwanza kilikuwa safi. Kwa nini kisiwe safi, wakati kipande kibaya kilikwisha kubanduka kwenye utepe wake na kubaki majini? Aliambiwa huna kitu, nenda nyumbani. Alikwenda. Kimya aliposhuka ndani ya kitofali chake, pembeni kabisa, wakatokea. Wale wale. Seli zilizogoma kuanguka, zimejazana, zimesahau njia. Daktari alisema sura yao huwezi kuikosea ukishaiona mara moja, nami nilikuwa nimeshaiona, nilikuwa nimeiota.

Kwa hiyo niliombea niwe nimekosea, na nimekosea. Sikufikiri hata siku moja kwamba kipande kile kina mwenyewe. Nilipokiona juu ya kioo cha Dada nilikichukia kama mwizi aliyeingia nyumbani, na kumbe alikuwa amepotea tu njia.

25 Machi, Jumanne

Nimemwambia Dada yote jana jioni. Aliketi kitandani, akacheka mpaka akashika mbavu, akanipiga kofi la mgongo, akasema shuka zake nizirudishe. Akataka kujua kama vidonge vinaruhusu pilipili.

Kisha akaacha kucheka.

"Na huyo mtu mwingine anajua?"

Nikamwambia simu yake haipatikani, hospitali itamtuma mtu.

"Mtu gani?"

"Mtu. Mhudumu. Sijui."

"Wewe umemkosea halafu anatumiwa mhudumu?" Alikuwa na ile sauti ya pilipili. "Wiki nzima na zaidi nimekaa na kifo cha mwenzangu tumboni. Nimelala nacho, nimegawa viatu kwa ajili yake. Na yeye huko anajiona mzima. Kesho unaomba ruhusa, tunakwenda wote."

26 Machi, Jumatano

Jana Daktari alifikiri sana kabla ya kukubali twende. Alisema, "Mleteni tu. Kumweleza niachieni mimi. Na mwambieni aje leo, bado ni padogo, kisu kikiwahi panatoka." Nilimwahidi.

Tulikwenda kwa miguu, mvua ya rasharasha, mwavuli mmoja. Karakana ni paa la bati na nguzo, sakafu yote maranda. Alikuwa peke yake, mtu wa makamo, mrefu, anapiga randa ubao wa kitanda. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliacha kazi, akapangusa benchi kwa mkono wa shati, akasema karibuni dada zangu, mmelowa, leo mna bahati, nafanyia watu bei nzuri, maana nami nimefanyiwa wema. Nilikuwa na wasiwasi wa tumbo, alisema, nimepimwa, sina kitu.

Dada alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa na maneno: unahitajika hospitali, kuna vipimo vya kurudia. Yalikuwa maneno mazuri tu, ya kumvusha mtu barabara. Yalinigoma.

Nikamwambia. Nilimwambia mimi ni nani na kazi yangu ni nini. Nilimwambia utepe, maji, karatasi ambayo sikuiburuta, na kwa nini nilikuwa na haraka. Nilimwambia kipande chake kilikwenda wapi na kilisema nini juu ya mtu mwingine. Nilimwambia Daktari anamngoja na kwamba bado ni padogo. Mvua ilikuwa inapiga bati, ilinibidi kusema kwa nguvu, na mambo ya namna ile si ya kusemwa kwa nguvu.

Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Aliketi juu ya kitanda kile kisicho na ubavu mmoja, akaitazama mikono yake, kisha akamgeukia Dada.

"Wewe ndiye uliyekuwa nao, ugonjwa huu?"

"Ndiye mimi," kasema Dada.

"Siku zote hizo."

"Siku zote hizo."

"Ulikuwa mzito?"

Dada hakumdanganya. "Mzito sana, kaka yangu. Ulikuwa haunipi hata usingizi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za mzigo wake uliopotelea kwenye basi la wengine.

"Basi nirudishie," alisema. "Ni wangu."

Alinawa mikono kwenye kopo, akafunika ubao kwa turubai usilowe. Tukatoka, yeye katikati, Dada kamshikia mwavuli, na mimi nikatembea nje yake, mvuani.